Si kila chumba chembamba Pangani kilikuwa gereza

Jumamosi iliyopita, nikiwaongoza watalii kwenda Pangani, nimeulizwa tena. Tumetoka Dar alfajiri kwa Koasta, tukapita Bagamoyo na Saadani, tukavuka mto kwa kivuko cha Bweni. Nyumba ya kwanza ya matumbawe tu, sijafungua hata mdomo, dada mmoja kashika ukuta: “Kaka, hapa ndipo walipowafungia watumwa?” Simu zikatoka, nyuso za huzuni zikapangwa.

Hapana, dada yangu. Tazama juu. Zile ni boriti, mikoko iliyokatwa deltani. Boriti ukiivusha zaidi ya mita 3 hivi inapinda, maana imebeba dari la mawe na chokaa. Kwa hiyo fundi alipima chumba kwa mti, hakuhesabu wafungwa. Nikatoa futi mfukoni, tukapima: mita 2.8. Nikawapeleka chumba cha mbele, alikopokelea wageni mwenye nyumba. Upana uleule! Au tajiri naye alijifunga?

Waongozaji wenzangu wananiambia naharibu biashara. Hadithi ya gereza ina bakshishi, ya boriti haina.

Ila nikishamaliza kufoka, najishtukia. Watumwa walikuwapo Pangani, tena wengi. Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba wa 1873 wa kuzuia kuwasafirisha baharini, lakini mashamba ya miwa ya huku juu mtoni yaliendelea kulimwa na watumwa. Anayetaka kulia, alie akitazama bonde lile, lenye minazi mizuri na lisilo na hata kibao kimoja cha kumweleza. Na huenda “hapana” yangu, kwa sauti ile, yule dada aliisikia kama nakana utumwa wenyewe. Sijapata namna ya kulisema jambo hili bila kuonekana nawatetea mabwana.

Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani 1888 na kunyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889, alipata dakika kumi tu za maelezo yangu. Mkonge, uliopandwa Kikokwe, jirani na Pangani, 1893, nikausemea ndani ya gari huku watu wakila karanga.

Jumapili jioni, kwenye foleni ya Bunju, picha zikaanza kuingia kwenye kundi letu la WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa ya yule dada, kaegemea ukuta, futi yangu inaonekana pembeni. Chini kaandika: “Gereza la watumwa, Pangani. Mita 2.8 tu, jamani!”