Sindano imeshasema ni saratani, kinyama cha nini tena?

Swali hili naulizwa sana: "Daktari, si mlishanichoma sindano ya titi, mbona sasa mnataka na kinyama?" Kinyama ni kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa ili kipimwe, na mimi ndiye ninayevisoma vyote viwili kwa darubini.

Sindano yenyewe ni nyembamba, geji (kipimo cha unene wa sindano) 22 hadi 25. Tunaichomeka kwenye uvimbe, tunaichezesha mbele na nyuma, kinachotoka ni tone tu la seli, nasi tunalitandaza juu ya vioo. Vingine huachwa vikauke, kisha hupakwa rangi ya Giemsa, ileile ya kutafutia vimelea vya malaria, ndiyo maana maabara zetu nyingi zinayo. Vingine huzamishwa papo hapo kwenye alkoholi ya asilimia 95, vikisubiri rangi nyingine, ya Papanicolaou. Ninaposema papo hapo ni sekunde chache, kwa sababu seli iliyowahi kukauka huvimba kiini chake, na ule undani ninaoutafuta hufifia.

Uvimbe wa fibroadenoma, usio saratani na unaowapata sana wasichana, una sura yake: seli zimeshikana kwa makundi bapa yenye matawi, na pembeni yake vimetapakaa viini vitupu vya umbo la yai. Nikiviona hivyo viini vitupu, moyo hutulia. Kwenye saratani mara nyingi havipo. Kioo kimejaa seli zilizoachana, kila moja kivyake, viini vikubwa visivyolingana. Ila simalizi kwa darubini peke yake. Lazima majibu yangu yakubaliane na alichopapasa daktari aliyekupima titi na kilichoonekana kwenye altrasaundi au mamografia. Yakipingana, tunarudia.

Sasa kinyama. Sindano inaniletea matofali yaliyong'olewa, ukuta wenyewe siuoni. Kwa hiyo siwezi kusema kama saratani bado imo ndani ya mfereji wa maziwa au imeshautoboa. Kinyama kikikatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi za hematoksilini na eosini, viini hugeuka zambarau, sehemu nyingine waridi, na mpaka wa mfereji unaonekana. Kipande hichohicho ndicho tunachopimia vipokezi (sehemu za seli zinazopokea homoni) vya estrojeni na projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2, na hapo ndipo daktari wa saratani anapojua kama dawa ya tamoxifen au ya trastuzumab itakufaa.

Vipimo hivyo huharibiwa kirahisi. Kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kukihifadhi, ndani ya saa 1, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa, vipokezi vinaweza kuonekana havipo ilhali vipo, nawe ukakosa dawa iliyokuwa yako. Kwa hiyo kabla hujalala kitandani kutolewa kinyama, uliza kama chupa ya fomalini iko tayari. Muuguzi mzuri hatakasirika.