Jiko la mkaa hata lisipotoa moshi, bado linaua: angalizo la msimu wa baridi Tabora

Juni imeingia, usiku wa Tabora umekuwa wa mablanketi mawili, na majiko ya mkaa yameanza kuhamia vyumbani. Zimamoto tunarudia angalizo lilelile: usilale chumba kimoja na jiko lenye moto.

Wengi hutujibu kwamba wao huliwasha nje, hulipepea mpaka makaa yawe mekundu, ndipo huliingiza ndani. Moshi umeisha, lakini hatari ipo palepale. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Hushikana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anapumua huku mwili wake unakosa hewa. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu itaishiwa nguvu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Na hili la kuweka beseni la maji kando ya jiko liachwe. Maji hayainyonyi gesi hii. Kufunika makaa kwa majivu nako hakuyazimi, yanaendelea kuungua chini kwa chini hadi alfajiri.

Tunawaomba zaidi wanaomhudumia mama aliyejifungua. Tunajua kwa nini jiko linawekwa chini ya kitanda, mlango unafungwa na kanga inazibwa dirishani: mtoto asipigwe na baridi. Nia ni njema, lakini anayevuta hewa ile usiku kucha ni mtoto huyohuyo. Pasheni chumba mlango na dirisha vikiwa wazi, toeni jiko, ndipo mama na mtoto waingie. Baada ya hapo mtoto alazwe kifuani kwa mama, wafunikwe pamoja. Wanaolea vifaranga kwa mkaa wawatengee banda, wasilale nao.

Wenye nyumba za kulala wageni, ninyi mna wajibu wa kisheria. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inatupa mamlaka ya kuingia na kukagua jengo lenu, na kukaidi maelekezo ya mkaguzi kunaweza kukufikisha mahakamani. Tozo ya ukaguzi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hailipwi mkononi kwa askari yeyote. Ukishalipa, tunza stakabadhi.

Dharura ikitokea piga 114. Simu ni bure na uokoaji ni bure. Wanaochelewa kupiga kwa kuogopa gharama wanajiumiza bure. Taja kwanza kata na mtaa, kisha namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, kisha alama inayojulikana kama msikiti, shule au kisima. Sema wako wangapi ndani na kama wanaitika. Usikate mpaka anayekupokea akuambie. Mtu mmoja asimame barabarani kulipokea gari, kwa sababu mitaa mingine ya pembezoni gari kubwa haliingii bila kuelekezwa. Kupiga 114 kwa mzaha ni kosa, na namba ya mpigaji inafahamika.

Wakati mnasubiri, fungueni milango na madirisha kutokea nje mnapoweza. Usiingie ukakaa ndani, gesi itakuangusha na wewe. Mvute mgonjwa hadi nje kwenye hewa, mlaze ubavu kama anapumua. Msimnyweshe maziwa. Hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia yatampalia.

Hata akizinduka, apelekwe hospitali. Kwa hewa ya kawaida gesi hii hupungua nusu kwa takriban saa nne hadi tano. Kwa oksijeni safi ya hospitali, kwa takriban saa moja na nusu. Mkifika, mwambieni daktari mara moja kwamba alilala na jiko la mkaa, kwa sababu kichwa kuuma na kutapika hufanana sana na malaria, na msiposema ataanza kwa kutafuta malaria.