Mwanafunzi Akitoweka, Faili Isiachwe Ilale

Mama mmoja wa upande wa Ahero huja ofisini kwangu kila muhula. Mwanawe alikuwa akisoma hapa Nakuru. Jioni moja wakati wa mitihani alitoka chumba chake cha kupanga akiwa na kandambili miguuni, akamwambia mwenzake anashuka dukani kununua maziwa. Hajaonekana tena. Kila mwezi mama humtilia salio la shilingi 20, laini isije ikafungwa na nambari kupewa mtu mwingine. Simu haiingii. Anatia tu.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi, na kesi hii imenionyesha kwamba mtu wetu akipotea tunajua kusambaza picha, lakini kutunza ushahidi hatujui.

Pigeni ripoti siku hiyohiyo. Hakuna sheria Kenya inayosema msubiri saa 24. Saa 24 za Ibara ya 49 ya Katiba zinamhusu mtu aliyekamatwa, ambaye kwa kawaida lazima awe amefikishwa kortini kabla hazijaisha, kwa hiyo ulizieni seli na kortini pia. Si lazima awe mzazi. Hata aliyekuwa akilala naye chumba kimoja anaweza kuripoti. Msiondoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na jina la afisa aliyeandika.

Halafu chumba. Hapa ndipo tulipoumia. Kodi ilipoisha, keateka, mtunza nyumba, alitoa vitu nje akadeki, maana kulikuwa na mpangaji mpya mlangoni. Mswaki, kitana na foronya viliishia kwenye shimo la taka. Mswaki uliotumiwa hubeba chembechembe za mwenyewe (DNA), na Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara Kisumu pia, anaweza kuzilinganisha na za mwili usiojulikana ni wa nani. Damu au mate ya wazazi husaidia, lakini kitu chake mwenyewe hakibishaniwi sana. Kwa hivyo fungeni chumba na kufuli lenu, hata ikibidi chuo au ukoo uchange kodi ya mwezi mmoja. Vitu hivyo vitieni kwenye bahasha za karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hushika unyevu, nao huviharibu.

Boksi la simu nalo mlitafute. Ubavuni lina nambari ya IMEI, inayoitambulisha simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Kwa amri ya korti, polisi wanaweza kupata rekodi za laini na mlingoti wa mtandao wa mwisho ulioinasa simu. Rekodi hizo hazihifadhiwi milele, basi muulizeni mpelelezi mapema kama ameziomba, na mrudi kumuuliza tena.

Kwenye bango la "Amepotea" wekeni nambari ya kituo na ya OB. Huyu mama aliweka yake, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ametuma pesa kwa M-Pesa mara mbili kwa sauti iliyodai, "Tuko naye." Anayedai hivyo, aulizwe jambo ambalo ninyi na mtoto pekee mnalijua, na polisi waarifiwe kabla ya shilingi yoyote kutumwa.

Mochari ni safari ngumu, lakini msitegemee macho peke yake. Aliyechukua kitambulisho ana alama za vidole serikalini, ombeni zilinganishwe.

Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 7 kuchukuliwa kuwa amefariki, isipokuwa kuwe na ushahidi kinyume. Ni ruhusa, hailazimishi familia kufanya lolote. Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani, ameandika tangu miaka ya 1970 kuhusu msiba wa aina hii, usio na mwili wala kurudi, na jinsi unavyomzuia mtu kuomboleza. Kwa Wajaluo, mwili ukikosekana kabisa, iko desturi ya kuzika yago, tunda la mti wa mwegea, mahali pake. Mashemeji wa mama huyu wamemwambia achimbe kaburi, apumzike. Amewajibu bado. Mimi simsukumi. Muhula huu tulikwenda pamoja kwa mpelelezi mpya, tukiwa na nambari ileile ya OB, akaifungua faili mbele yetu.