Theodore Roosevelt, mbunge wa miaka 23 aliyegeuka mfugaji: yanayosemwa na yaliyotokea

Huku kwetu Theodore Roosevelt anakumbukwa kwa bunduki. Alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani, akapanda treni ya reli ya Uganda kwenda kuwinda nyanda za Kapiti. Ndiyo maana wengi humchukulia kuwa mtu wa mbuga tangu utoto, tajiri wa ng'ombe aliyeingia siasani akiwa ameshashiba. Ukweli umekaa kinyume: siasa zilitangulia, ng'ombe wakafuata, na hao ng'ombe ndio waliomla fedha.

"Alizaliwa na kukulia ranchi." Alizaliwa 1858 katikati ya jiji la New York, kwenye familia ya wafanyabiashara wenye uwezo. Alikuwa mtoto wa pumu na miwani, akasomea Harvard. Wachunga ng'ombe wa Dakota, eneo la magharibi alikokuja kufuga, walipomwona mara ya kwanza walimcheka.

"Ubunge wake ulikuwa mchezo wa mtoto wa tajiri." Hili lilisemwa hata wakati ule, kwa sababu aliingia Bunge la Jimbo la New York mjini Albany amevaa kimaridadi na kuongea kwa sauti kali ya watu wa mjini. Alichaguliwa Novemba 1881 akiwa na miaka 23, mdogo kuliko wote bungeni. Kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza alisimama kudai uchunguzi dhidi ya Jaji Theodoric Westbrook, aliyetuhumiwa kumbeba Jay Gould, bwanyenye wa reli, katika shauri la treni za Manhattan zinazopita juu ya barabara. Wakubwa wa chama chake walimshauri anyamaze. Hakunyamaza. Kamati ilimsafisha jaji, lakini jina la kijana likajulikana jimbo zima, na Januari 1883, akiwa na miaka 24, wenzake wa chama cha Republican walimfanya kiongozi wao bungeni.

Kwangu mimi tukio linalomweleza vizuri zaidi ni la sigara nene. Uliletwa muswada wa kupiga marufuku kuzisokota ndani ya nyumba za kupanga, na Roosevelt aliupinga, kwa imani ya tabaka lake kwamba serikali haina haki ya kuingilia biashara ya mtu. Samuel Gompers, kiongozi wa wafanyakazi, akampeleka akajionee: familia nzima chumba kimoja, tumbaku imetandazwa pale pale wanapolala na kula. Alirudi bungeni akiutetea. Gavana Grover Cleveland, wa chama pinzani cha Democrat, akatia saini. Mwaka 1885 Mahakama ya Rufani ya jimbo ikaibatilisha sheria hiyo. Mtu wa mchezo habadilishi msimamo hadharani namna hiyo.

"Msiba ndio uliomfanya mfugaji." Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, kwa kuwa msiba wenyewe ulikuwa wa kutisha. Tarehe 14 Februari 1884 alifiwa na mama yake na mkewe Alice siku moja, nyumba moja, siku mbili tu baada ya mkewe kujifungua binti. Lakini tazama tarehe. Septemba 1883, Alice akiwa hai na mjamzito, Roosevelt alikwenda Little Missouri, katika Eneo la Dakota ambalo lilikuwa bado si jimbo, kuwinda nyati wa Marekani. Kabla hajarudi alikuwa ameshaandika hundi ya dola 14,000 kununua ng'ombe wa ranchi ya Maltese Cross, akiwaachia wenyeji wawili wawasimamie. Wakati ule ng'ombe wa nyanda za magharibi walikuwa uwekezaji uliosifiwa kila baraza la matajiri, kutoka New York hadi Edinburgh. Msiba ulimpeleka kuishi kule, biashara alishaianza.

"Alimiliki ardhi kubwa." Hakumiliki ardhi kule. Mifugo ilichungwa kwenye ardhi ya serikali na ya kampuni ya reli, bila uzio, na kila mwenye ng'ombe alitegemea alama ya chapa. Hapo ndipo lilipojificha tatizo: malisho ya bure hayana wa kuyazuia yasilishwe kupita kiasi.

"Alitajirikia huko." Aliweka zaidi ya dola 80,000, sehemu kubwa ya urithi wake. Bill Sewall, mzoefu wa misitu ya Maine aliyemwalika kusimamia ranchi ya pili, Elkhorn, alimwambia mapema kwamba nchi ile haifai kwa ng'ombe. Hakusikilizwa. Kiangazi cha 1886 mvua ikakosekana, nyasi zikaisha, na bei ya ng'ombe kwenye soko la Chicago ikashuka chini ya gharama ya kumlea ng'ombe na kumsafirisha. Sewall akafungasha, akarudi kwao. Kisha yakaja majira ya baridi ya 1886 hadi 1887: theluji juu ya theluji, ikayeyuka kidogo, ikaganda tena kama sakafu, ng'ombe wasiweze kufikia nyasi. Roosevelt mwenyewe alikuwa Ulaya, kwenye fungate na mke wake wa pili, Edith. Aliporudi, zaidi ya nusu ya kundi lake lilikuwa limekufa. Hesabu ya mwisho ilikuwa hasara ya zaidi ya dola 20,000, bila kuhesabu faida ambayo fedha hiyo ingezaa kwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilipotea daftari likiwa wazi.

"Aliiacha siasa kwa ajili ya biashara." Juni 1884 alikuwa Chicago kwenye mkutano mkuu wa chama, akipinga James Blaine kuteuliwa mgombea urais. Novemba 1886 aligombea umeya wa New York, akashika nafasi ya tatu. Kila mwaka alikuwa akipanda treni kwenda na kurudi. Miezi aliyoishi ranchi ni michache kuliko picha zinavyodai. Hata hivyo mwenyewe alikiri baadaye kwamba bila miaka ya Dakota asingekuwa rais. Namwelewa: kura za watu wa magharibi zisingempata mwanaharakati wa Albany aliyevaa kimaridadi. Ng'ombe waliobaki alikuwa amewauza kufikia 1898, mwaka aliochaguliwa gavana wa New York.