Modeli ya kihisabati ya fedha na benki: maana yake

Modeli ya aina hii ni uchumi uliopunguzwa mpaka ubaki na mambo machache yanayohesabika: watu, mali zao, kanuni za kubadilishana, na milinganyo inayoonyesha kila mmoja atachagua nini. Ajabu ni kwamba modeli maarufu ya wanauchumi Kenneth Arrow na Gérard Debreu ya mwaka 1954 haina fedha. Bei zimo, lakini mikataba yote hukubaliwa mapema na hakuna anayeshindwa kulipa, hivyo benki haina kazi humo.

Benki hupata kazi pale watu wasipojua kesho yao. Hapo ndipo wanauchumi Douglas Diamond na Philip Dybvig walipoanzia mwaka 1983. Tuifanye hesabu yao kwa namba nyepesi. Watu 100 wana 10 kila mmoja. Mali ikikaa kwenye mradi hadi mwisho huzaa mara mbili. Ikitolewa mapema hurudi vilevile. Watu 20 watabanwa na shida njiani, ila leo hakuna anayejua kama ni yeye. Benki inapokea zote 1,000 na kuahidi 12 kwa atakayetoa mapema. Ishirini wakitoa, zinaondoka 240. Zile 760 zinazaa 1,520, na waliosubiri wanapata 19 kila mmoja.

Sasa kila mtu aamini kwamba wenzake wote watatoa mapema. Zinadaiwa 1,200 na zipo 1,000. Watu 83 wa kwanza wanalipwa, wa 84 anaambulia 4, na 16 wa nyuma wanaondoka mikono mitupu. Mradi haukuwa na kasoro yoyote. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha modeli hii: hofu peke yake inatosha kuangusha benki nzima, na anayekimbilia dirishani wala hajakosea hesabu.

Modeli haielezi kila kitu. Kwa mfano, haigusi namna benki zinavyoongeza fedha kwa kukopesha. Hata hivyo, Diamond na Dybvig walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2022, pamoja na mwanauchumi mwenzao Ben Bernanke, na hesabu yao inatuonyesha nguvu ya bima ya amana, yaani dhamana kwamba aliyeweka pesa benki atalipwa hata benki ikianguka, ambayo Marekani iliiweka kisheria mwaka 1933. Bima ikiaminika, huenda isilipe hata senti moja, kwa kuwa mtu aliyehakikishiwa 19 zake hana sababu ya kuwahi foleni kufuata 12.