Okidi Mbili Zinapofanana: Tazama Muundo wa Ua Kabla ya Rangi

Picha nyingi za okidi za mwituni zinazotufikia hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, zikiombewa jina huwa na kasoro ileile: zimepigwa kutoka mbele, ua moja limejaza fremu nzima, na maelezo ya mtumaji yanahusu rangi kuliko kitu kingine chochote. Rangi ndiyo inayovuta jicho kwanza, lakini katika familia hii yenye spishi zipatazo 28,000 ndiyo pia inayopotosha haraka. Ansellia africana, inayoota juu ya miti katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, inaweza kuwa na maua ya njano yasiyo na doa hata moja, au yaliyofunikwa na madoa ya kahawia iliyokolea hadi njano yenyewe ikakaribia kupotea. Tofauti hizo ziliwahi kuwafanya wataalamu waigawe katika spishi kadhaa, zikiwemo Ansellia gigantea na Ansellia nilotica, ambazo leo huhesabiwa kuwa spishi moja. Kwa upande mwingine, kuna okidi nyeupe ambazo mtu akizitazama kwa mbali ataapa kuwa ni moja, ilhali ni mbili.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima tuanze na kazi ya ua lenyewe. Okidi ina sepali tatu (vijani vya nje vya ua) na petali tatu (vijani vya ndani), na petali moja kati ya hizo, inayoitwa mdomo, hutofautiana na nyingine kwa umbo na mara nyingi ndiyo mahali anapotua mdudu. Viungo vya kiume na vya kike vimeungana kuwa nguzo moja katikati ya ua, na chavua kwa kawaida haitawanyiki kama unga, bali imeshikamana katika vifurushi vidogo viitwavyo polinia, ambavyo katika okidi nyingi hukaa juu ya kibandiko chenye gundi. Mdudu anapoinama kutafuta mbochi, kibandiko hicho humganda mwilini, naye huondoka na kifurushi kizima. Spishi mbili za karibu zinapochanua pamoja katika eneo moja, kinachozizuia zisichanganyike mara nyingi ni aina ya mdudu anayezitembelea, au mahali hasa ambapo chavua humganda. Kwa sababu hiyo, tofauti ya kutegemewa zaidi hukaa pale mdudu anapogusana na ua.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Platanthera bifolia na Platanthera chlorantha, okidi za Ulaya na Asia zenye maua meupe yanayonukia usiku na kuchavushwa na nondo. Zote zina majani mawili makubwa karibu na ardhi, zote zina mrija mrefu wa mbochi nyuma ya ua, na kimo chao hupishana kidogo tu. Lakini chukua lenzi ya kukuzia, tazama juu kidogo ya mlango wa mrija, nawe utaona mifuko miwili ya chavua ya rangi ya manjano. Katika Platanthera bifolia mifuko hiyo husimama sambamba, karibu kugusana, kama nguzo mbili za mlango mwembamba. Katika Platanthera chlorantha hukaribiana juu na kuachana chini, ambako vibandiko vyake hutengana kwa takriban milimita 4. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu: nondo akiingiza kichwa katika ua la kwanza, chavua humganda kwenye shina la mrija wake wa kunyonyea, akiingia katika la pili, humganda pembeni mwa macho. Charles Darwin, katika utafiti wake wa okidi aliouchapisha mwaka 1862, aliitumia tofauti hii kutetea kwamba mimea hiyo ni spishi mbili, wakati ambapo wapo waliodai kuwa ni aina mbili tu za mmea mmoja.

Mrija wa mbochi nao una mengi ya kusema. Mwaka huohuo Darwin alilitazama ua la Angraecum sesquipedale kutoka Madagaska, lenye mrija wa karibu sentimita 30, akatabiri kwamba lazima awepo nondo mwenye mrija wa kunyonyea wa urefu unaolingana. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903. Urefu wa mrija, mpindo wake na idadi yake vipimwe daima. Ua la Satyrium lina mirija miwili inayotoka kwenye mdomo, na mdomo wenyewe umekaa juu kama kofia. Ua la Disa lina mrija unaotoka kwenye sepali ya juu.

Kuna makundi ambayo ua moja halitoshi. Dactylorhiza fuchsii na Dactylorhiza maculata zote huwa na majani yenye madoa, kwa hiyo madoa hayasaidii. Mdomo wa ile ya kwanza umekatwa kwa kina katika sehemu tatu, na sehemu ya kati ni ndefu. Mdomo wa ile ya pili ni mpana, na katikati umebaki na kijino kidogo tu. Ya kwanza hupenda zaidi udongo wenye chokaa, ya pili udongo wenye asidi. Hata kwenye seli zao hazilingani, kwani moja ina kromosomu 40 na nyingine 80. Hata hivyo jenasi hii huzaa machotara kwa wepisi, na ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu atazame mimea mingi iliyosimama pamoja, aone umbo lipi ndilo la kawaida pale, badala ya kuchagua mmea mmoja uliomvutia na kuujengea hukumu.

Zipo pia tofauti ambazo jicho haliwezi kuzifikia. Ophrys sphegodes na Ophrys exaltata huwahadaa nyuki dume kwa harufu inayoiga ya nyuki jike, na kila moja huita nyuki wake kwa mchanganyiko tofauti wa kemikali. Pua ya binadamu haiambulii chochote hapo, ila nyuki hakosei mara nyingi.

Kwa anayetaka msaada wa kutambua, picha ya mbele tu haitoshi. Tunahitaji ua kutoka ubavuni, mrija ukionekana hadi ncha yake. Nguzo kwa karibu. Majani na yanavyopangika kwenye shina. Mmea mzima, pamoja na rula kando yake. Na mahali unapoota, iwe ni juu ya gome, mwambani au nyasini. Tarehe ya kuchanua iandikwe. Kuung'oa mmea hakuongezi taarifa inayokosekana katika picha hizo, na huuondoa mahali ambapo kuvu wa udongoni huilisha mbegu yake, ambayo ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Biashara ya kimataifa ya okidi zote za mwituni inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na wakusanyaji hufuatilia picha mtandaoni. Paphiopedilum vietnamense, iliyopewa jina mwaka 1999, iliporwa karibu yote porini katika muda mfupi baada ya kujulikana. Kwa hiyo mahali halisi pa okidi adimu paelezwe kwa mtaalamu peke yake, si hadharani.

Baada ya hayo yote, bado kuna vielelezo ambavyo tunavirudisha vikiwa na jina la jenasi tu, likifuatwa na kifupisho sp., yaani spishi ambayo haijatambuliwa. Hilo ni jibu kamili. Lina maana kwamba sehemu inayotenganisha spishi haikuonekana, na kwamba mmea huo utazamwe tena msimu ujao, utakapochanua.