Krioli si chotara

Krioli ni mtu aliyezaliwa koloni ilhali asili yake ni ng'ambo. Basi, hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno hilo, na rangi ya ngozi haimo. Lakini akitajwa Joséphine, mke wa Napoleon, mfalme mkuu wa Ufaransa, aliyezaliwa Trois-Îlets katika Martinique, kisiwa cha Karibi, mwaka 1763, hakosi mtu wa kusema: "Alikuwa Krioli, yaani chotara." Siyo. Alitoka katika ukoo wa walowezi wa Kizungu wenye shamba la miwa na watumwa.

Neno lilianzia kwa Wareno: crioulo, kutokana na criar, kulea au kufuga. Wahispania wakasema criollo, Wafaransa créole. Hata nguruwe wa kienyeji wa Haiti waliitwa hivyo, na sijui uchotara wao ungekuwa wa nani na nani.

Martinique, iliyotwaliwa na Wafaransa mwaka 1635, mtumwa créole alikuwa yule aliyezaliwa kisiwani. Aliyeteremshwa melini juzijuzi kutoka Afrika aliitwa bossale: lugha hajui, kazi ya miwa hajaizoea, na wengi walikufa miaka ya mwanzo tu. Pwani yetu tofauti hiyo ilikuwa na maneno yake: mzalia, mtumwa aliyezaliwa hapahapa, na mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara. Créole ni mzalia. Chotara alikuwa na jina lake, mulâtre. Na Mzungu wa ukoo wa walowezi wa kale kisiwani humo leo huitwa béké.

Lugha ya kisiwani humo nayo ikapewa jina hilo, créole, ikabandikwa na kashfa ya "Kifaransa kibovu". Msamiati mwingi ni wa Kifaransa kweli, ila sarufi ni yake. Man ka manjé ni "ninakula". Yo ka manjé, "wanakula", kitenzi kilekile. Ka inafanya kazi ya -na-. Tanguliza té, man té ka manjé, upate "nilikuwa ninakula". Ukiidondosha ka kwa kudhani ni pambo, umesema jambo jingine: man manjé ni "nilikula".

Kwingineko maana ya neno imehama. Morisi, kwa mfano, Mkrioli leo ni hasa mwenye asili ya Afrika. Ila katika maandishi ya Martinique ya kabla ya utumwa kukomeshwa mwaka 1848, ukikuta créole soma "mzalia", kisha angalia neno la jirani. Rangi, ilipotakiwa, iliandikwa kando: blanc, mweupe, au nègre, mweusi.